Dubai hadi Mumbai, Masaa Matatu

Simu ilikuja Jumapili mchana, mimi na baba tukiwa ndio kwanza tumerudi kutoka kanisani na tunavua viatu mlangoni. Sauti ilikuwa ya mwanamke nisiyemjua, Kiingereza chake cha haraka, nikadhani ni hawa wauza bima ambao hata Jumapili hawapumziki. Nilikuwa karibu kukata aliposema jina la mdogo wangu. Akajitambulisha kuwa ndiye mwenye nyumba anakopanga, Mumbai. Mdogo wangu alikuwa amebebwa nyuma ya pikipiki na mwanafunzi mwenzake, basi likawabana kwenye ukingo wa daraja. Mwenzake alitoka na michubuko. Yeye mguu wa kulia ulivunjika sehemu mbili, mfupa mmoja ukatoka nje.

"Kuna ndugu anayeweza kuja?" mama yule aliniuliza. "Hospitali wanataka mtu wa familia."

Nilimwambia yupo. Nilisema bila kufikiri: tuna kaka, yuko Dubai, ana kadi ya ukaazi, ana kazi, atakuja.

Sisi ni watoto watatu. Mimi ni wa kwanza, fundi cherehani, nashona kwenye duka dogo la Umbilo Road, hapa Durban. Wa pili ni huyo mwanaume wetu wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba Dubai, kwenye ofisi inayosafirisha mizigo kwenda Kongo. Wa mwisho ndiye huyo aliyekuwa Mumbai, mwaka wa tatu wa ufamasia. Mama yetu alifariki zamani, Bukavu, mimi nikiwa nimeshakimbilia huku Afrika Kusini. Baba alinifuata baadaye, magoti yalipoanza kumshinda, na tangu hapo tunakaa wawili kwenye flati ya ghorofa ya pili, vyumba viwili na jiko ambalo mlango wake haufungi.

Mimi sikuweza kwenda. Karatasi yangu ni ya mtu anayeomba hifadhi. Inanipa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi, lakini nikitoka nayo nje ya nchi sirudi. Nilishazoea kuishi hivyo. Siku ile nilijiona kama mtu aliyefungwa kamba mguuni.

Nilimpigia ndugu yangu palepale, nimesimama na kiatu kimoja.

"Yaya," alisema. Kwetu dada mkubwa tunamwita hivyo. "Usilie. Mimi nitaenda. Viza naanza leo, kesho naomba ruhusa kwa bosi."

Baba alikuwa amekaa kwenye kochi, ananitazama mdomo. Nilipomwambia kwamba atakwenda, alifunga macho akasema aksanti, sijui alikuwa anamwambia Mungu au mimi.

Siku zilizofuata nilikuwa nashona na simu iko mapajani. Hospitali iliandika barua, ndugu yangu akaipeleka ubalozini, na siku ya nne viza ikatoka. Alinitumia picha yake. Niliikuza kwa vidole, nikasoma kila herufi, nikamwonyesha hadi mama wa duka la jirani anayeuza mapazia. Jioni hiyo nikampigia kumuuliza anaruka lini.

"Bon, viza iko," alisema. "Shida ni njia."

"Njia gani?"

"Mumbai iko mbali sana, yaya. Watu wanaona Dubai na India kwenye ramani, wanafikiri ni majirani. Ndege inazunguka, unashuka unabadilisha, unalala njiani. Kwenda tu ni siku mbili. Na bosi amenipa siku nne. Siku mbili za kwenda, siku mbili za kurudi. Mdogo wetu nitamwona saa ngapi?"

Nilihesabu kama mjinga. Mbili na mbili ni nne, kweli hakuna siku iliyobaki. Nikamwambia amwombe bosi siku zaidi. Akasema ameshaomba, amekataliwa, akishinikiza atafukuzwa na kadi ya ukaazi itakwenda na kazi. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nilimwonea huruma. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine: nilimwonea huruma.

Nikamgeukia baba. Lazima nieleze kwa nini nilimgeukia yeye. Baba alifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa kwetu maisha yake yote ya kazi. Hakuwahi kupanda ndege ya abiria hata siku moja, lakini mambo ya ndege aliyajua kama watu wengine wanavyojua mpira. Tulipokuwa watoto, ndege ikipita juu alikuwa anatuambia ni ya aina gani, imetoka wapi, imebakiza dakika ngapi kutua. Rubani mmoja Mrusi alimzoesha kusoma majedwali ya safari, na tangu hapo akawa anakariri miji ambayo hataiona: kutoka hapa hadi pale masaa kadhaa, kutoka pale hadi kule masaa kadhaa. Nyumbani kwetu neno la baba kuhusu ndege halikuwa na mpinzani.

"Ni kweli, papa?" nilimuuliza. "Dubai kwenda Mumbai ni siku mbili?"

Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Hakuinua kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Kule ndege haziendi moja kwa moja. Zinazunguka. Ni mbali, binti yangu."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikutafuta kwenye simu. Wateja wangu wanatafuta kila kitu kwenye simu, hadi namna ya kuvaa nguo niliyowashonea. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuwa na shaka, na mtu asiye na shaka hatafuti. Isitoshe, mimi mwenyewe nilifika Durban kwa malori na mabasi, wiki tatu na zaidi, mipaka minne. Kwangu mimi kila mahali ni mbali. Ukiniambia siku mbili, naona hata ni bahati.

Basi nikaanza kazi ya kumbembeleza mdogo wangu. Walikuwa wameshamfanyia upasuaji wa kwanza, wakamfunga vyuma kwa nje ili mfupa utulie. Wa pili ulikuwa ndio mkubwa: kuweka sahani ya chuma ndani, na kama kidonda kitakuwa kimeharibika, kukata. Kwa ajili hiyo walimpa fomu yenye nafasi ya sahihi ya mtu wa familia. Aliniambia ameiweka chini ya mto, ataitoa kaka akifika.

Nilimpigia kila asubuhi kabla sijafungua duka, kwake ikiwa karibu saa ya chakula cha mchana.

"Kaka yako anahangaika," nilimwambia. "Viza anayo. Ni umbali tu. Dubai na huko siyo karibu kama tulivyofikiri, ndege zinazunguka, siku mbili nzima."

Nilisikia vyombo vya hospitali vikigongana nyuma yake, na mwanamke akikohoa.

"Najua, yaya," alisema. "Iko mbali."

"Usimkasirikie."

"Hapana. Simkasirikii."

Siku ya pili nikamwambia tena, na siku ya tatu. Kanisani, kwenye ule ukumbi tunaokodi karibu na South Beach, nilisimama mbele ya watu nikaomba maombi. Nilisema ndugu yangu anatafuta njia ya kumfikia mgonjwa wetu na njia ni ngumu, mumwombee afunguliwe njia. Watu wakanyoosha mikono, wakaomba kwa sauti. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye zamani alikuwa anafuata nguo Dubai na vitambaa Mumbai. Baada ya ibada alinisogelea, akanishika mkono, akafungua mdomo, halafu akasema tu, "Pole sana, mama." Nilidhani ni uchungu. Sasa najua alikuwa anatafuta namna ya kuniambia, akaniacha na aibu yangu.

Hatimaye aliyesaini fomu ni mwenye nyumba. Madaktari walisema hawawezi kusubiri tena, kidonda kinaanza kubadilika rangi. Mama yule mjane, asiyejua hata Kongo iko upande gani wa Afrika, aliandika kwenye nafasi ya uhusiano kwamba yeye ni shangazi, akatia sahihi. Alikaa kwenye benchi la koridoni masaa yote sita ya upasuaji. Mguu haukukatwa. Ulipona, lakini ulipona ukiwa mfupi kwa vidole viwili. Nilimuuliza daktari kwa simu kama ni kwa sababu tulichelewa. Akajibu kwamba mifupa ya namna hiyo haitabiriki. Sikumuuliza tena.

Ndugu yangu alinipigia akilia kwa furaha. Nami nikalia. Tukamshukuru Mungu pamoja, yeye Dubai, mimi Umbilo, na nikamwambia, "Usijilaumu. Siyo kosa lako kwamba dunia ni kubwa."

Ilipita karibu nusu mwaka.

Asubuhi moja ya katikati ya wiki aliingia dukani mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Kihindi, mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu pale mtaani anamwita Anti. Alikuwa na suti mbili za Kipunjabi za kupunguza pindo. Alikuwa anakwenda India kwenye harusi ya mtoto wa binamu yake, na ana kawaida ya kusema muda wote ninapompima. Nilimsimamisha juu ya kistuli, nikapiga magoti, pini zangu nimezibana kwa midomo.

"Binti yangu anataka tulale Dubai siku moja tufanye manunuzi," alisema. "Nikamwambia tutalala kurudi. Kwenda tunaunganisha. Hapa hadi Dubai ndipo pananiua mgongo, usiku kucha umekaa. Dubai hadi Mumbai siyo kitu."

Nilifanya sauti ya kuuliza, nikiwa na pini mdomoni.

"Masaa matatu," alisema. "Ni kama unakwenda Cape Town halafu unaongeza kidogo. Wanakupa chakula, unaanza kutazama filamu, na wewe unazijua filamu zetu zilivyo ndefu. Hujaimaliza wanakwambia funga mkanda."

Nilitoa pini moja baada ya nyingine, nikaziweka kwenye kiganja.

"Anti, hiyo ni ndege ya moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, ziko nyingi kwa siku. Asubuhi, mchana, usiku. Kama teksi, nakwambia. Mpwa wangu anafanya kazi Dubai, mama yake akiugua tu mafua yuko Mumbai kabla ya chakula cha jioni." Akacheka, halafu akanitazama chini. "Nimekuumiza? Umejichoma?"

Nilimwambia ndiyo, nimejichoma. Nilimaliza pindo lile. Nilimwandikia risiti. Nilimfungulia mlango. Kisha nikazima mashine, nikamwomba mama wa mapazia anitazamie duka, nikashika njia ya nyumbani. Nakumbuka nilivuka barabara bila kuangalia robot, zile taa za barabarani, na dereva mmoja wa teksi akanitukana kwa Kizulu tusi ambalo siku nyingine ningelijibu.

Baba alikuwa jikoni anakata vitunguu vya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Alishangaa kuniona saa ile.

"Papa," nilisema, "kutoka Dubai hadi Mumbai ndege inachukua muda gani?"

Kisu kikasimama.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

Hakusema siku mbili. Hakusema sijui, nimezeeka. Aliuliza nani ameniambia, nami nikavuta kiti nikakaa.

"Nijibu kwanza."

"Masaa matatu," alisema. Kisha, kwa sababu hata pale hakuweza kujizuia, akaongeza: "Matatu na kidogo kwa kurudi Dubai, upepo unakuwa wa mbele."

"Ulijua lini?"

"Nilijua siku zote. Hiyo ni njia ya zamani, binti yangu. Niliijua kabla ninyi hamjazaliwa."

Nilimuuliza basi kwa nini. Nadhani nilimuuliza mara nyingi, na kwa sauti ambayo majirani waliisikia, maana mtu wa juu aligonga sakafu. Baba alinawa mikono taratibu, akajifuta, akakaa mbele yangu.

"Alinipigia kabla wewe hujampigia siku ile ya viza," alisema. "Alikuwa analia kama mtoto. Alisema, papa, siwezi kuingia hospitali. Nikifikiria ile harufu, miguu inakataa. Mama yako alipokuwa mgonjwa, unajua nani alilala naye? Mimi nilikuwa kazini, mdogo wako alikuwa bado shule ya msingi. Ni ndugu yako. Siku tisa, chini ya kitanda, kwenye sakafu, na alikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye ndiye alimfunga mama yako kidevu kwa kitambaa. Mimi nilifika imeshaisha."

"Hakuna aliyeniambia hayo."

"Wewe hukuwepo."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana lilinifika. Miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kunitamkia neno hilo. Nilikuwa nimeondoka Bukavu usiku na watu wengine saba, wakati ambao kila aliyeweza kuondoka aliondoka, na nilidhani sote tulikubaliana kwamba hilo halihesabiwi.

"Ungeniambia kwamba anaogopa," nilisema. "Ningemwelewa."

"Wewe?" Baba alitikisa kichwa. "Wewe ungemchana vipande. Nakujua. Ungemwambia maneno ambayo hayarudi, na mimi nina mtoto mmoja wa kiume, na yuko kule peke yake. Nilisema afadhali uukasirikie umbali kuliko umkasirikie ndugu yako."

"Na mguu wa mdogo wangu?"

Hapo akatazama meza.

"Yeye anajua," alisema. "Alijua tangu mwanzo. Wanafunzi wenzake wanakwenda Dubai kila likizo. Nilimwomba asikuambie."

Ilinichukua muda kulielewa hilo lote. Ndugu yangu alisema uongo kwa sababu ya woga. Hilo mtu anaweza kulibeba. Baba alimfunika. Lakini uongo wenyewe uliletwa kitandani kwa mgonjwa na mimi, kila asubuhi, kwa sauti yangu ya upole, siku mbili, ndege zinazunguka, usimkasirikie, na mgonjwa anaujua kuwa ni uongo na ananijibu najua, yaya. Watu watatu walikuwa wanajua na mmoja anazungukazunguka katikati yao na ujumbe asioujua. Nilijaribu kukumbuka kila mazungumzo ya mezani kwetu katika ile miezi sita. Kila tulipoitaja Dubai baba alikuwa ananipakulia zaidi.

Nilimpigia mdogo wangu kesho yake. Hakukana.

"Nilitaka kukuambia, yaya."

"Ulinisikiliza kila siku nikisema siku mbili. Ulikuwa unanionaje?"

"Sikuwa nakuona vibaya." Alisita. Kiswahili chake siku hizi kina vituo vingi, miaka ya huko imekipunguza. "Kama ningekuambia, ungepigana naye. Halafu kila ukinipigia tungekuwa tunaongea juu yake. Mimi nilitaka unipigie mimi. Ile nusu saa ya asubuhi ndiyo niliyokuwa naisubiri. Sikutaka aichukue na hiyo."

Nikamuuliza kama amemsamehe.

"Sijui. Nikisimama sana maabara mguu unauma. Siku hizo simsamehe. Siku nyingine nasahau."

Ndugu yangu nilimwacha wiki nzima bila kumpigia, na bila shaka baba alimwarifu, kwa sababu alinipigia mwenyewe, dukani, nikiwa nakula mkate wangu wa mchana. Hakunisalimia.

"Nilifika airport, yaya," alisema. "Nataka ujue hilo. Siku ya tano. Nilikuwa na begi, nilikuwa na tiketi. Nilipita ukaguzi. Nilikaa kwenye viti mpaka wakaita jina langu kwenye spika, mara tatu wakaliita. Nililisikia. Nikashindwa kusimama."

"Hiyo tiketi iko wapi?"

"Niliitupa."

"Picha?"

"Nani anapiga picha mambo kama hayo?"

Nilimwamini nusu. Nilimwona pale kwenye kiti, begi katikati ya miguu, jina lake linapita juu ya kichwa chake, na moyo wangu ukaanza kulainika, kama ulivyolainika siku ile aliponiambia njia ni ndefu. Nikaushika. Sauti ilikuwa ileile. Ile iliyochoka, yenye kuvunjika mwishoni. Zamani nilikuwa nikisikia sauti hiyo nakwenda nayo bila kuuliza, na sasa sina cha kuipimia. Labda ni kweli alifika. Labda kitu pekee cha kweli alichoniambia katika jambo lile lote ni hicho, na mimi siwezi kukipokea.

"Ungeniambia naogopa," nilimwambia. "Neno moja tu. Ningemtafuta mtu mwingine. Kuna Wakongo Mumbai, kuna makanisa, ningepiga simu mia. Nilikaa wiki nzima sitafuti mtu kwa sababu nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilisikia forklift ikirudi nyuma, tii, tii, tii, kwenye ghala lao. Kisha akasema bosi anamwita. Tangu hapo tumeongea, siwezi kusema hatuongei. Tunaongea kama watu wanaosimama kwenye foleni moja.

Mwaka jana alioa. Msichana wa kwetu, wa Uvira, aliyemkuta hukohuko Dubai. Harusi ilikuwa ndogo. Baba hakuweza kusafiri kwa sababu ya magoti, na mimi ni mimi na karatasi yangu. Mdogo wangu alikwenda. Aliniomba nimshonee gauni, nikakaa siku mbili bila kumjibu. Nilijiambia kwamba na yeye sasa amekwenda upande wao, kwamba anamchekea mtu aliyemwacha. Halafu nikamwambia anitumie vipimo. Nilikata pindo la kulia fupi kwa vidole viwili ili likae sawa, kazi ambayo hakuna atakayeiona isipokuwa fundi, na nikalituma kwa mtu anayekwenda India kwa matibabu.

Alinitumia picha. Amesimama karibu na bwana harusi, wote wawili wanatazama kamera, na pindo limekaa vizuri. Fimbo yake ya kutembelea ameificha nyuma. Niliandika Mungu awabariki. Baba aliniomba nimchapishie ile picha kubwa, nikamchapishia, na iko ukutani sebuleni, juu ya televisheni. Mimi nikitazama habari nainamisha macho kidogo.

Baba bado anapika, bado ananipakulia. Mchana wa siku nyingine, magoti yakimruhusu, ananiletea chakula dukani mwenyewe, anakaa kwenye kiti cha wateja anatazama watu wanaopita Umbilo Road. Wiki iliyopita alikuja na mihogo na samaki. Nilikuwa naweka mkono kwenye gauni la ubatizo, mashine inakwenda, na bila kupanga nikamuuliza:

"Papa, siku ile ikirudi, ungeniambia kweli?"

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu hadi nikaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Hapana," alisema. "Ningekuambia vilevile, siku mbili."

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya ghafla ya mchana, na watu walikuwa wanakimbilia chini ya vibaraza. Nilimwambia asiondoke, atateleza. Nilimwambia asubiri nimalize mkono wa pili, kisha tutakwenda nyumbani pamoja.